Kibanio cha Sikioni

Mume wangu alikuwa mtu wa kuongea taratibu. Kazi yake ilikuwa kutoa mizigo ya wafanyabiashara forodhani, hapa mpakani Gisenyi, upande wa Rwanda, na katika kazi hiyo kila mtu hupaza sauti: dereva wa lori anataka kupita, mwenye mzigo anapiga simu kutoka Goma, ofisa anataka karatasi nyingine. Yeye aliwaacha wote wamalize, kisha akasema maneno yake machache, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyofuatwa. Nilimpenda kwa hilo. Mimi nililelewa Karagwe, Tanzania, katika nyumba ya watu wengi ambako kila mmoja alikuwa na la kusema na hakuna aliyesikiliza. Nilipokuja huku kufundisha Kiswahili sekondari, nikakutana na huyu kijana aliyekulia Goma, nilihisi kama mtu aliyefunga dirisha la upande wa barabara.

Tulizungumza Kiswahili, mimi changu na yeye chake. Kinyarwanda kilikuwa cha majirani, cha kanisani, na baadaye cha mtoto wetu. "We unaongea kama redio," aliniambia tangu siku za mwanzo, nami nikamwambia yeye anaongea kama mtu anayekimbia mvua. Tukacheka. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nikitazama nyuma sioni miaka ile ilikuwa na kasoro gani ya kutaja.

Asubuhi vita vilipoingia Goma, tuliambiwa tukae majumbani. Mama mkwe wangu alikuwa akiishi upande ule, peke yake, katika nyumba ambayo mume wangu alizaliwa. Alipiga simu kusema ameshavuka mpaka pamoja na umati, yuko barabarani na godoro lake, na mtu wa kumbebea hayupo. Mume wangu akavaa koti. Nilimwambia asubiri milio ipungue. Akasema mama yake hawezi kusimama muda mrefu kwa sababu ya magoti. Akachukua pikipiki ya abiria pale kona.

Bomu lilianguka mtaa wa pili kutoka walipokuwa wakipita. Halikuwagusa. Dereva alishtuka, akakata kona ghafla, pikipiki ikateleza, na mume wangu akarushwa hadi ukingo wa mfereji wa mawe. Kofia ya abiria aliyopewa haikuwa na mkanda, ikaruka kabla yake.

Mama mkwe alifika nyumbani kwa miguu, bila godoro. Alisimama mlangoni akitazama nyuma ya mgongo wangu. "Mutoto yangu iko wapi?" akauliza. "Aliniambia nimungojee pa barabara. Nikangojea, nikangojea. Iko wapi?"

Mume wangu alikaa hospitali ya hapa, kisha wakampeleka Kigali. Aliporudi, maduka ya Goma yalikuwa yamefunguliwa tena na akina mama walikuwa wanavuka na vikapu vyao kama zamani. Daktari alituambia mfupa wa kichwa umeunga vizuri. Kilichoumia ni sehemu ya mbele ya ubongo, ile ambayo humzuia mtu asifanye kila linalomjia. "Atatembea, atakula, atawajua," alisema. "Lakini mtamwona amebadilika. Mvumilieni."

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa Kinyarwanda. Alikielewa kidogo, ila alipotaka kukisema kilikatika katikati, akabaki na Kiswahili cha utotoni. Majirani wakimsalimia aliwajibu kwa lugha ya mtaa wa Goma, wakadhani anawatania. Pili ikaondoka kumbukumbu ya mambo madogo. Tatu ilikuja hasira.

Hasira ile haikupanda. Mtu mwingine unamwona anakunja uso, anapandisha sauti, unapata nafasi ya kunyamaza au kutoka. Yeye alikuwa ametulia, na mara moja alikuwa amesimama. Siku moja binti yetu, aliyekuwa darasa la mwisho la msingi, aliangusha mfuniko wa sufuria jikoni. Mume wangu alishika chupa ya chai iliyokuwa mezani na kuirusha ukutani. Ilipita juu ya kichwa cha mtoto. Chai ya moto ilimwagika kwenye viatu vyake vya shule. Baada ya hapo alikwenda kulala, akalala usingizi mzito kama mtu aliyelima mchana kutwa, na alipoamka aliona doa ukutani akauliza ni nani amevunja chupa.

Mimi na mama yake tulitazamana. "Ilianguka," nikasema.

"Ni wewe, Papa," binti yetu akasema.

Alimtazama mtoto kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulia, na kulia kwake nako hakukuwa na breki.

Wenzake wa forodhani walimpokea kazini kwa wema. Walimpa kazi ya mezani, mbali na madereva. Ilidumu mpaka siku dereva mmoja alipoingia kuuliza jambo, akagonga meza kwa kidole wakati akisubiri. Walimrudisha mume wangu nyumbani ndani ya gari la ofisi, mmoja kushoto na mmoja kulia, na hakuna aliyetaka kunieleza vizuri.

Muuguzi wa hospitali ndiye aliyetuelekeza kwenye kituo kimoja njia ya kwenda Nyundo. Kilikuwa nyumba ya kawaida yenye bati la bluu, na ndani mlikuwa na chumba kidogo chenye mashine za kufundisha ubongo na kutuliza moyo. Aliyehudumia alikuwa kijana aliyekulia Kampala, mpole, mwenye Kinyarwanda kilichochanganyika na Kiingereza na asiyejua Kiswahili hata cha kununulia nyanya. Mgonjwa wake hakuwa na lugha nyingine. Kwa hiyo niliomba ruhusa shuleni, nikawa mkalimani wa mume wangu mwenyewe.

Siku ya kwanza yule kijana alimfunga mkanda kifuani na kumbana vidole kwa vibanio vyenye waya, na waya zikaingia kwenye kompyuta. Kwenye kioo ukatokea mstari unaopanda na kushuka, na pembeni yake mpira mdogo. Mume wangu alizitazama waya, kisha akanitazama mimi.

"Muambie mi siko mwizi," akasema. "Juu ya nini ananifunga manyaya?"

Nikatafsiri. Kijana hakucheka. Alisema mashine haimtibu mtu na haimwingizii kitu. Inaonyesha tu yanayotokea ndani ya mwili kabla mwenyewe hajayajua: moyo unavyokwenda, vidole vinavyotoa jasho. Akiyaona, ataweza kujifunza kuyashika. Mpira ukipanda, avute pumzi. Mpira ukishuka, aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta.

"Vuta," nikasema. "Toa. Polepole. Vuta."

Nimefundisha kwa miaka mingi, na sikuwahi kutoa amri nyepesi kuliko hizo zikawa nzito namna ile. Mstari ulikuwa kama meno ya msumeno. Alivuta pumzi kwa hasira, akaitoa kwa hasira. Tulirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Halafu siku moja, nje kukiwa na ukungu, meno yakaanza kulainika. Yakawa vilima, kimoja baada ya kingine, na rangi ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani.

"Iko inashuka," mume wangu alinong'ona. Hakuondoa macho. "Ona. Iko inashuka."

Nilitafsiri hayo pia, ingawa kijana alikuwa anaona.

Mazoezi yalipoendelea, kijana alileta jambo gumu zaidi. Alisema kutulia ukiwa umetulia si kazi. Nimwambie mume wangu afikirie kitu kinachomkasirisha, auache mstari uharibike, kisha aurudishe mwenyewe. "Muulize ni nini humkasirisha kuliko vyote."

Nikauliza.

"We," akasema mume wangu.

"Amesema nini?" kijana akauliza.

"Amesema mimi."

Mstari ulikuwa umeshakuwa msumeno. Mume wangu aliendelea, akinitazama, sauti yake ikiwa ileile ya taratibu ya zamani, jambo lililonitisha zaidi. "Unanichungaka. Ukiingia mu nyumba, unaangaliaka mikono yangu mbele ya kuniangalia mu macho. Unaficha visu. Mi naona. Unaongea na mi kama unaongea na mwanafunzi mwenye hajafaulu. Mutafsirie."

Nikamtafsiria yule kijana yote, neno kwa neno, pamoja na visu. Aliniuliza kwa upole kama ningependa kusubiri nje. Nikamwambia nikitoka hakuna atakayetafsiri. Tukaendelea. Nilisema vuta, nilisema toa, na mume wangu akautuliza moyo wake dhidi yangu huku nikimsaidia. Ilichukua muda, lakini aliweza. Kijana alimpigapiga begani. Nilipoingia nyumbani nilijilazimisha kumtazama machoni kwanza. Ni kweli nilikuwa nikitazama mikono. Sikuwa nimejua.

Kituo kilituazima kifaa kidogo cha nyumbani: kibanio cha kubana ndewe ya sikio, chenye waya unaoingia kwenye simu. Simu ilionyesha mstari uleule, kijani ukiwa mtulivu na nyekundu ukiwa si mtulivu, na ikizidi ilitoa mlio mzito wa chini. Tulipewa pia michezo ya kumbukumbu, ya kulinganisha picha zilizofunikwa. Kila asubuhi baada ya chai mume wangu alikaa kwenye kiti kilicho karibu na dirisha, akabana sikio, akahema.

Mama yake alimtazama kutoka kitandani, maana magoti yalikuwa yamemshinda. "Mashine iko inamufundisha kuhema?" aliniambia. "Kuhema njo kitu ya kwanza alijua siku nilimuzaa. Alihema mbele hata ya kulia."

Hata hivyo ilisaidia. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa watu wananiuliza na wanataka niseme ulikuwa uongo. Alijifunza kwamba kabla ya hasira kuna joto linaloanza nyuma ya shingo, na kwamba likianza ana nafasi ndogo ya kutoka nje. Alitoka. Tulimwona amesimama uani, kifua kimeelekea ukuta wa mawe meusi, mabega yakipanda na kushuka. Vyombo viliacha kuvunjika. Jumapili moja tulishuka sote ufukweni mwa ziwa, hata mama yake tulimpakia pikipiki, tukala sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwani, na mtu mmoja alipofungulia muziki kwa sauti kubwa mume wangu alinyanyuka mwenyewe, akasogea mbali, akakaa mchangani mpaka alipoweza kurudi. Nilianza kufikiria mambo ya mwakani.

Siku niliyotaka kuisimulia ilikuwa ya mvua, alasiri. Nilikuwa mezani nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Bibi na mjukuu walikuwa kwenye kochi. Binti yetu alikuwa amechukua kile kibanio na kukibana sikioni mwake, kwa kucheza tu, na mstari ulikuwa umekaa kijani tangu mwanzo, vilima laini kabisa. Bibi yake alikuwa anamsifu. Alisema mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima, hata bomu halimwamshi.

Mume wangu alikuwa uani, chini ya kibaraza. Akaingia akijifuta mvua usoni. Hakuwa na hasira. Nataka hilo lijulikane. "Nani iko na simu yangu?" akauliza, kama mtu yeyote anavyouliza.

Simu ikatoa ule mlio mzito.

Aliusikia. Alikuwa ameusikia mara nyingi kuliko sisi sote. Akaja mpaka nyuma ya kochi, akatazama juu ya bega la mtoto. Mstari ulikuwa mwekundu, umechongoka. Binti yetu hakugeuka. Alifumba macho, na nikamwona anajaribu: anavuta polepole, anatoa polepole, kama alivyokuwa akimwona baba yake akifanya. Alikuwa anajaribu kuuficha. Mstari haukushuka.

Mume wangu akarudi nyuma hadi mlangoni. Alisimama pale akisikiliza. Mlio ukafifia, ukakoma. Akapiga hatua mbele, ubao wa sakafu ukalia, na simu ikaanza tena. Akarudi mlangoni. Bibi alikuwa ameshika mkono wa mjukuu wake.

"Toa ile kitu mu sikio," mume wangu akasema hatimaye. Alisema polepole. Mtoto akakitoa, akakiweka juu ya mto wa kochi, na baba yake akatoka tena kwenye mvua.

Nilimfuata. Nilimwambia mtoto alishtuka tu, mtu yeyote akiingiliwa ghafla moyo hupiga, ni kitu cha kawaida.

"Acha," akasema. "Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Muulize kijana wa kituoni."

"Nitamuuliza."

Na alimuuliza. Wiki ile kwenye kituo alikataa kufungwa mkanda. Alikaa mikono magotini. "Muulize kama mashine inadanganyaka."

Yule kijana alifikiri kabla ya kujibu, na hadi leo namheshimu kwa kutotupa jibu rahisi. Alisema mashine haijui hofu wala furaha. Inajua tu kwamba moyo umeamshwa. Mtoto anaweza kuwa alishtuka, alifurahi, au aliogopa. Mstari ni uleule.

"Haikukuwa furaha," mume wangu akasema. "Itaisha wakati gani, hasira yangu?"

"Itapungua," kijana akasema. "Imeshapungua. Kuisha, sijui."

Kisha kijana akatoa wazo. Tumlete mtoto naye. Wakae wawili kwenye chumba hiki, baba na binti, kila mmoja na mashine yake, wajifunze kutulia pamoja. Amewahi kuona ikisaidia. Nililipenda wazo hilo. Nililitafsiri kwa haraka na kwa matumaini, nadhani hata niliongeza maneno.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Hapana. Mutoto haiko na shida. Anaogopa kitu yenye inafaa kuogopa. Mukimufundisha kutulia karibu na mi, siku moja nitamuumiza, na yeye ametulia."

Kijana alikuwa ananitazama, akisubiri.

"Mutafsirie," mume wangu akasema.

Nikatafsiri. Kijana akaanza kukunja ule mkanda wa kifuani, akaukunja vizuri sana, akauweka ndani ya droo.

Mume wangu alihamia Nyakiriba kabla mvua hazijakatika. Kaka yake analima huko viazi na maharage, na kuna chumba cha nje, cha udongo, ambacho zamani kilikuwa cha kuhifadhia mbegu. Alifungasha nguo zake mwenyewe. Nilimwomba abaki kwa njia zote ninazozijua, nikakasirika, nikamwambia anatukimbia. Alisimama tu mpaka nikamaliza, kama alivyokuwa akiwasubiri wale wa forodhani. Mama yake alimwuliza anamwachia nani. Hakumjibu. Alimpigia magoti pembeni ya kitanda, akaweka paji la uso wake juu ya yale magoti yaliyovimba, akaondoka.

Mama mkwe hakukaa sana baada ya hapo. Alivuka akiegemea fimbo kwenda kuangalia nyumba yake Goma, akakuta wenyeji wapya ndani, na wao wakamwachia chumba kimoja cha nyuma. Akakipokea. Nilimwambia arudi kwangu. Akasema nyumba yangu ina kimya kibaya.

Binti yetu alibeba lake peke yake kwa muda kabla sijalijua. Siku moja namsuka nywele, akasema bila kugeuka, "Ningejua, ningekivua mapema."

"Kuvua nini?"

"Kile cha sikioni. Niliposikia anafungua mlango. Ningekivua asingeona."

Nilimweleza kwamba si yeye aliyemfukuza baba yake. Nilimweleza siku ile na siku nyingine nyingi, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kwa maneno ya wakubwa na ya watoto. Ananisikiliza kwa adabu. Anaamini kwamba alishikwa akisema siri, na kwamba ni mwili wake uliomsaliti. Sasa hatoi machozi kirahisi. Akikaripiwa shuleni, maana sasa yuko sekondari yetu, walimu wenzangu wanamsifu kwa utulivu. Nami najua anachofanya: anavuta, anatoa, polepole.

Kituo kilisimamisha kazi yake mwaka uleule. Walisema mradi umekwisha. Nilirudisha kile kifaa, na michezo ikafutwa kwenye simu. Yule kijana alipata kazi mji mwingine na akanipigia simu kuaga. Aliniuliza mgonjwa wake anaendeleaje. Nikamwambia anaendelea.

Huko Nyakiriba kimya kinamfaa. Kaka yake anasema anaamka mapema na kulima vizuri, na kwamba wakati mwingine humkuta amesimama katikati ya shamba, jembe chini, akihema tu. Lakini kaka huyohuyo alinipigia siku moja mchana, akaongea polepole kama mtu anayepanga mawe. Mbuzi wao alikuwa ameingia kwenye maharage. Mume wangu alimuua kwa jembe. Alipomaliza alichimba shimo kubwa, akamzika, akakataa kabisa nyama ile isiliwe, na tangu hapo hali chakula na watoto wa kaka yake. Huwekewa sahani mlangoni.

"Sikukwambia ili uogope," shemeji akasema. "Nimekwambia kwa sababu ameniomba nikwambie."

Mimi huenda Jumapili. Tunakaa nje, hatuongei sana. Anasahau niliyomwambia wiki iliyopita, nami namwambia upya. Binti yetu hakutaka kwenda, na baba yake hakumwita. Ila likizo ndefu iliyopita, siku moja nafunga mkoba, akavaa viatu na kusema anakuja nami.

Tulimkuta mume wangu kwenye kile chumba cha mbegu, amekaa juu ya gunia, anachambua viazi vya kupanda. Alimwona mtoto nyuma yangu. Hakusimama. Alisogeza kikapu kwa mguu, akageuka upande mwingine kidogo ili awe amempa mgongo. Binti yetu akaelewa. Akakaa naye akimpa mgongo, akaanza kuchambua: vyenye macho mazuri huku, vilivyooza kule. Mimi nilibaki mlangoni. Walifanya kazi hivyo kwa muda mrefu, na nilisikia wakisemezana.

"Shule iko inaendelea?"

"Inaendelea, Papa."

"Hesabu?"

"Hesabu nzuri. Kifaransa ndicho kigumu."

"Bon. Itakuja."

Mtoto wa shemeji aliita mtu kwa nguvu huko chini kwenye barabara. Nikaona shingo ya mume wangu inakakamaa. Aliweka kiazi alichoshika chini, taratibu, kama yai. Akaweka viganja vyake juu ya mapaja. Nilihesabu pumzi zake bila kutaka.

"Basi," akasema, bado amegeuka. "Muende sasa."

"Ndiyo kwanza tumefika," nikasema.

"Muende."

Binti yetu alikuwa ameshasimama. Alijipangusa udongo mikononi, akasema, "Kwaheri, Papa," kwa sauti ya chini na iliyonyooka, akapita mbele yangu. Nikachukua mkoba nikamfuata.

Tulikuwa tumefika kwenye miti ya mpaka wa shamba tulipoanza kumsikia. Kwanza kikapu, kisha kitu kizito kikigonga mlango, tena na tena, kisha sauti yake. Shemeji alitoka ndani akikimbia kuelekea kule. Nilisimama. Binti yangu hakusimama. Aliendelea kushuka kwenye njia ya udongo, akichagua mahali pa kukanyaga kwa sababu kulikuwa na utelezi, na nilipomfikia aliniuliza kama saa hizi kuna pikipiki pale njia panda, au tutatembea mpaka lami.

Nikamwambia huwa zipo. Tukaenda.